Asajile Amepata Kazi Niliyoitaka

Jumamosi, mwezi wa nne. Mvua imekuwa ikinyesha na kukatika tangu alfajiri, sasa imerudi tena. Ngonga yote ni maji. Mpunga umesimama ndani yake mpaka kiunoni, na njia ya kwenda ziwani haionekani ila kwa anayeijua. Nimekaa barazani kwa mama na daftari hili magotini. Nguo zangu bado mbichi.

Nina wivu. Naliandika neno hili kwanza ili nisije nikalizungukazunguka.

Nina wivu na Asajile. Si wivu wa leo. Tulibatizwa siku moja, tukakaa benchi moja katika shule ya misheni, na mwaka wowote ule mimi ndimi niliyekuwa wa kwanza kusoma na yeye wa pili au wa tatu. Mwandiko wangu mwalimu aliubandika ukutani. Mimi nilikwenda Pwani na msafara, nikakaa miaka miwili, nikarudi na Kiswahili cha watu wa Pwani na maneno ya Kijerumani yasiyopungua mia. Asajile hajawahi kufika mbali kuliko Makwale kwao na milima inayoonekana kutoka Makwale. Akisema Kiswahili, husema kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe kwa miguu.

Na ni yeye aliyepata.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Boma la Mwaya lilitangaza kwamba linataka mkalimani wa baraza, mtu wa kusikiliza wenyeji wanaposhtakiana na kumfasiria Bwana, Mjerumani mkuu wa boma, kwa Kiswahili. Tuliokwenda ni wengi, lakini karani mzee, mtu wa Pwani mwenye miwani, alitusomesha barua moja moja pale mlangoni akawarudisha karibu wote. Tukabaki wawili.

Sikulala vizuri usiku wa kuamkia jana, nikifikiri habari ya kazi ile. Mkalimani wa boma hakamatwi kubebeshwa mizigo ya safari. Baba yangu alikamatwa, akaondoka na mzigo wa hema kichwani, akarudi na kifua kibovu ambacho mwishowe kilimzika. Mama alikuwa amekwisha kuwaambia majirani wote kwamba mwanawe anaingia bomani. Aliniosha kanzu mwenyewe, akaianika juu ya moshi wa jiko kwa sababu jua hakuna.

Bwana alikuwa mtu mrefu mwenye shingo nyekundu. Alikaa nyuma ya meza, na karani pembeni yake. Tulisimama mbele yake wote wawili, na kila swali alituuliza kwa zamu, mwenzako akisikia.

Aliniuliza mimi kwanza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila alikisema polepole, na mimi nilikuwa na haraka. Kila alipofungua kinywa niliona kwamba nimekwisha kulijua neno linalofuata. Akasema, "Ukiwa barazani, na mtu akasema neno ambalo wewe hulijui—"

"Hakuna neno nisilolijua, Bwana," nikasema. "Kinyakyusa ni changu, Kikisi nakijua, Kiswahili nimekinywa Pwani."

Karani aliinua macho kidogo. Bwana alinitazama, akamgeukia Asajile akamaliza swali lake: "Utafanya nini?"

Asajile alinyamaza. Nilihesabu pumzi tatu. Kisha akasema, "Nitamwuliza, Bwana."

Ni hayo tu. Nitamwuliza! Nilitaka kucheka. Mtoto wa shule angeweza kujibu hivyo. Wala sikuona kwamba mimi sikuwa nimelijibu swali kabisa.

Yalifuata maswali mengine, na sasa nikijaribu kukumbuka Asajile alijibu nini, sikumbuki. Sikuwa nikisikiliza. Nilikuwa nikitazama kanzu yake. Ilikuwa na kiraka begani, cha kitambaa kingine kabisa, na nikawa najiambia: haiwezekani. Mtu mwenye kiraka kile hawezi kusimama mbele ya baraza la boma.

Ndipo Bwana akasema, "Sasa tuone kazi yenyewe." Akamwagiza askari amlete mama mmoja aliyekuwa akingoja nje.

Alikuwa mama wa Kikisi, wa wale wafinyanzi wa pwani ya ziwa kule mashariki, ambao huja na mitumbwi imejaa vyungu. Mtu mzima sana, mdogo wa umbo, udongo umemkauka kwenye kucha. Baadaye nilijua jina lake, Bibi Sekela. Shauri lake lilikuwa hili: mume wake amekufa, na ndugu wa mume amemshtaki kwamba ameiba mtumbwi wa marehemu. Mtumbwi ule ndio unaopeleka vyungu vyake sokoni. Hana kingine. Na akionekana mwizi, siku ile ile angelala ndani ya boma kwa kufuli.

Bwana akaninyoshea kidole. "Wewe. Fasiri."

Mama yule akaanza. Husema kama watu wa kwao wote, kwa mzunguko, sauti chini, hadithi kwanza na mwisho mwishoni. Akasema: usiku ule nikaenda ziwani, nikaufungua mtumbwi kambani, nikaupiga kasia mpaka mdomo wa mto, nikauficha ndani ya matete ili asiuone mtu.

Hapo akavuta pumzi.

Akavuta pumzi tu! Na mimi nikaingia katika pumzi ile kama mwizi anayeona mlango wazi. "Anakiri, Bwana," nikasema, kwa Kiswahili changu kizuri cha Pwani. "Anasema aliuchukua mtumbwi usiku, akauficha katika matete."

Bwana akaandika. Kalamu yake nilikuwa naisikia inavyokwaruza. Na huku inakwaruza, mama yule akaendelea, kwa sauti ile ile ya chini: "Hivyo ndivyo anavyosema shemeji yangu. Mimi usiku ule nililala kwa binti yangu na homa."

Nililisikia.

Nataka niliandike hili vizuri, kwa sababu hakuna mwingine anayelijua. Nililisikia neno lake la mwisho, lote, na nilielewa maana yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Bwana, nimekosea, ngoja." Kinywa kilikuwa changu. Lakini niliona kwamba nikisema hivyo Asajile atakuwa amenishinda, basi nikakifunga. Nikamwacha mama wa watu asimame pale kama mwizi, ili mimi nisionekane mjinga kwa muda wa dakika moja.

Bwana akamwambia askari neno kwa Kijerumani. Askari akapiga hatua. Mama yule hakujua linalotokea. Alitazama huku na huku akitafuta uso wa kumweleza.

"Na wewe?" Bwana akamwuliza Asajile. "Una la kuongeza?"

Asajile akamtazama mama yule kwanza. Kisha akasema, "Bwana, naomba mama aseme tena tangu mwanzo. Neno la mwisho sikulipata vizuri."

Bwana akaruhusu. Asajile akachutama chini mbele ya mama yule, kama tunavyochutama mbele ya wakubwa wetu nyumbani, akamsalimia kwanza. "Ugonile, mama." Pale bomani, mbele ya mzungu na askari, akamsalimia! Mama akamwitikia, na mabega yake yakashuka. Akasema tena yote. Alipovuta pumzi, Asajile alingoja. Aliponyamaza kabisa, Asajile akamwuliza, "Umemaliza, mama?" Akasema, "Bado," akaongeza kwamba binti yake na mkwewe ni mashahidi. Asajile akauliza tena, "Umemaliza?" Akasema ndiyo.

Ndipo akasimama, akafasiri. Kwa Kiswahili kile cha kupapasa mawe. Lakini kila jiwe lilikuwa mahali pake.

Bwana akafuta alichoandika, mstari mmoja mnene. Akanigeukia. "Wewe ulisikia neno hili la mwisho?"

"Sikusikia, Bwana," nikasema.

Basi. Bwana akaamua kwamba mtumbwi ukae na mjane mpaka shemeji alete shahidi aliyeona kwa macho, na kwamba Asajile aanze kazi Jumatatu. Karani mzee alinisindikiza mpaka mlangoni. Aliniambia bila ukali, "Kijana, ulimi wako ni mzuri. Lakini kazi hii si ya ulimi."

Njia ya kurudi ni moja, kwa hiyo ilinipasa kutembea na Asajile. Mbu-kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, walikuwa wamesimama juu ya ziwa kama moshi wa nyumba inayoungua, na upepo uliwaleta kwetu, wakatujaa usoni na kinywani. Asajile alikuwa akisema njia nzima. Sijui alikuwa akisema nini. Nilikuwa nikiitikia, "Ee. Ndiyo. Sawa." Kichwani nilikuwa nikimvisha kofia nyeupe ya watu wa boma na kumvua, kumvisha na kumvua. Tulipofika njia panda akasema jambo fulani, akangoja, nikasema, "Ndiyo, ndugu yangu, hakuna neno." Akafurahi. Tukaachana.

Mama yangu hakuniuliza kitu nilipoingia nyumbani. Aliona uso. Alinipa ndizi na maziwa ya mgando, akaenda kwa majirani, nadhani kuyarudisha maneno yake mwenyewe.

Leo asubuhi, kabla mvua haijachanganya, Asajile alikuwa amesimama nje.

"Twende?"

"Wapi?"

Akanishangaa. "Kwa yule mama. Jana ulikubali. Nilikuambia yuko kwa binti yake, karibu na mdomo wa mto Mbaka, na kwamba si vizuri arudi kwao akifikiri tulitaka kumfunga. Nikasema twende wote wawili tukamweleze. Ukasema hakuna neno."

Ningefanya nini? Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikachukua jani la mgomba la kujifunika, tukaenda.

Mwendo wa saa mbili kwa matope. Nilitangulia mbele. Daima natangulia, nilitangulia hata shuleni tukienda kuteka maji. Asajile alinifuata bila kusema mengi, na mimi nikawa natunga maneno nitakayosema, maneno mazuri, yenye adabu, ambayo yangeeleza kwamba katika baraza la boma mambo huenda haraka na kwamba mtu anaweza kukosea bila kukusudia. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga vizuri sana tulipofika.

Bibi Sekela alikuwa chini ya paa la jikoni, akisugua chungu kibichi kwa jiwe laini. Tulisema hodi. Akainua kichwa, na hapo nikaona jambo ambalo jana sikuliona: macho yake yana utando mweupe. Anaona vivuli.

Alisikia kanzu, aliona weupe wake, na aliyekuwa mbele ni mimi. Akaja akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili yenye udongo.

"Ndiwe wewe," akasema. "Ndiwe mwana uliyenisikiliza. Yule mwingine aliniuza nikiwa bado nasema, lakini wewe ulingoja. Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana."

Asajile alikuwa nyuma yangu, kama hatua mbili. Nilijua ananingoja mimi.

Na mimi nikanyamaza.

Sijawahi kushikwa mkono vile. Tangu baba afe hakuna mtu aliyenishika mkono akashukuru kwamba mimi nipo. Na moyo wangu, badala ya kuona haya, ukasema: hata hii basi niipate. Kazi kachukua yeye, hii na iwe yangu. Mama yule akaingia ndani, akatoka na chungu, kimekwisha kuchomwa, chekundu, chenye mistari midogo shingoni aliyoichora kwa ukucha. Akaniwekea mikononi. "Mpelekee mama yako. Mwambie amezaa mtu."

Nikasema, "Ndaga, mama."

Ndiyo maneno yote niliyoyasema. Yale mazuri niliyoyatunga njiani yalibaki huko huko njiani.

Tuliporudi, sasa Asajile alikuwa mbele na mimi nyuma na chungu changu. Nilingoja anikemee. Kama angenikemea ningekuwa na la kusema. Ningemwambia una kazi, una baraza, unataka na chungu pia? Hakunikemea. Alisema tu, bila kugeuka, "Kizuri sana chungu hicho."

Nikamwonea wivu hata kwa hilo. Kwamba anaweza kusema neno kama lile na sauti yake isitetemeke.

Tukafika kwenye daraja la mianzi. Nikamwambia, "Chukua wewe. Ni chako."

Akatikisa kichwa. "Mimi sikupewa."

"Unajua alivyokosea."

"Najua," akasema. "Lakini hilo si neno langu la kusema, Ambakisye. Nikilisema mimi, nitakuwa nimekushtaki." Kisha akasema kwamba mvua inakuja, akavuka daraja.

Nilibaki nimesimama upande huu na chungu kifuani. Mvua ikaja kweli. Iliingia ndani ya chungu, nikasikia inavyolia mle, tik, tik, halafu ikawa haisikiki tena kwa sababu maji yamejaa. Nikayamwaga. Nikageuka nikarudi ziwani.

Mvua ilikuwa imekatika nilipofika, na Bibi Sekela alikuwa pale pale, kwenye chungu kile kile. Safari hii nilichutama. Nikamsalimia. Nikasema, "Mama, mimi ndiye yule mwingine."

Akaacha kusugua.

Nikamwambia yote. Nikamwambia aliyengoja ni Asajile wa Makwale, mwenye kiraka begani, aliyesimama nyuma yangu asubuhi. Nikamwambia mimi ndiye niliyesema anakiri. Hapo ningeweza kuishia, na nilitamani kuishia, maana kufika hapo bado mtu angeweza kusema ni bahati mbaya. Lakini alikuwa amenielekezea sikio, kichwa kimeinama upande, hakunikata, hakuguna, alingoja tu, na katika ule ungojaji wake nilijikuta nasema na lile jingine: kwamba nilimsikia mpaka mwisho na nikanyamaza. Na nikasema kwa nini.

Nilipokwisha, alifuta udongo mikononi. Kuku walipita kati yetu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Jina lako nani?"

"Ambakisye. Wa Ngonga."

"Ambakisye wa Ngonga," akasema taratibu, kama mtu anayeweka kitu mahali atakapokipata tena. Kisha akanyosha mikono yake miwili. "Basi chungu changu."

Nikampa. Alikipapasa ukingo kuona kama kimepasuka njiani, akasimama, akaingia nacho ndani. Nilidhani atatoka. Nilikaa kidogo. Binti yake alipita na kuni, akanitazama, akaingia naye, na mlango wa mianzi ukasogezwa. Basi nikajua nimeagwa. Nikainuka nikaja zangu, mikono mitupu.

Nilitaraji nitaona wepesi moyoni. Wahubiri husema hivyo, kwamba ukitubu unaruka kama ndama. Sikuruka. Miguu ilikuwa mizito kwa matope, na nilipopita karibu na boma niliona kofia nyeupe ya tarishi mmoja nikaona kijicho kimeniuma vile vile kama jana.

Mama kaniuliza sasa hivi natoka wapi na mvua yote hii. Nimemwambia. Si kila kitu. Nimemwambia kwamba Asajile alishinda kwa haki na kwamba mimi nilisema kabla ya kusikia. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Hata ulipokuwa mtoto ulikuwa unaitika kabla hujaitwa," akaendelea kupepeta. Sijui kama alikuwa na hasira au alikuwa anacheka. Ndizi zimeiva jikoni, nasikia harufu.

Wivu bado upo. Sitaki kujidanganya katika daftari langu mwenyewe. Nikifumba macho namwona Asajile amesimama barazani Jumatatu, na watu wanamwita mkalimani, na mtu wa msafara akija kukamata wapagazi yeye haguswi na mimi naguswa. Hilo linaniuma na litaniuma kesho.

Lakini kesho ni Jumapili, na kanisani tutakaa benchi moja kama siku zote. Baada ya ibada atanisemesha, maana yeye si mtu wa kununa. Sitampongeza, bado siwezi, na nikilazimisha atajua. Nitamwuliza tu, njia nzima ile ya kutoka bomani, mbali na habari ya mama yule, alikuwa ananiambia nini.

Na nitangoja mpaka amalize.